Je, Wajua? Ubao wa Theluji, Pasi na Tupa

Je, wajua kwamba watu walishateleza kwa ski juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, zaidi ya miaka 100 iliyopita? Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda hadi kileleni, mita 5,895, wakashuka na ski miguuni. Digrii tatu tu kusini mwa ikweta! Ile barafu ya Furtwängler unayoisikia kwa waongoza watalii ina jina la huyo huyo.

Mwaka huo barafu ya mlima ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufika 2011 zilibaki 1.76. Leo, anayetaka kuteleza pale juu atakwaruza mawe zaidi ya theluji.

Na ubao wa kutelezea theluji? Ulianzia nyumbani kwa mtu! Krismasi ya 1965, mjini Muskegon, Michigan, Sherman Poppen aliunganisha ski mbili ili mabinti zake wacheze kilimani. Kufika 1998, mchezo ulikuwa Olimpiki.

Sasa pindua ubao, utazame tumbo lake. Plastiki, rafiki yangu! Polietilini, ukoo mmoja na dumu lako la maji. Ila hii ni ngumu kuchakaa, ngumu hasa: Mwingereza John Charnley alianza kuitumia kwenye nyonga za bandia mwaka 1962. Babu mwenye nyonga mpya na kijana anayeteleza milimani, wote wamebebwa na plastiki hiyo hiyo.

Jiwe likiichana, usilie. Unakata nyuzi zinazoning'inia kwa kisu kikali, unawasha kijiti cha plastiki ya namna hiyo, unadondosha matone ndani ya mkwaruzo mpaka yafurike. Yakishapoa unakwangua kwa bapa la chuma, tumbo linakuwa laini tena. Wewe uliyewahi kuzibiwa ndoo kwa chuma cha moto, unashangaa nini? Siri iko kwenye moto: uwe mdogo, wa bluu, karibu kabisa na ubao. Ukiwa wa njano unaleta masizi, na kiraka chenye masizi hakidumu.

Tundu limezama zaidi? Utakutana na mbao! Ndiyo, moyo wa ubao huo wa kisasa mara nyingi ni mti, wakati mwingine hata mwanzi. Maji yakiingia, mti unavimba, kwa hiyo acha ukauke kabisa kwanza. Pembeni pakiachana, tia gundi ya mirija miwili, bana kwa jiliwa, nenda kalale.

Hili nalipenda kuliko yote. Ukingo wa ubao ni chuma, na chuma kikigonga jiwe kwa kasi, pale palipogongwa panakuwa pagumu kuliko kwingine. Pagumu kiasi gani? Tupa inateleza tu, haili! Lazima uanze na kinoo cha almasi, ndipo tupa ifanye kazi. Almasi, ndugu yangu, kwa ajili ya mchezo.

Ubao pia hupigwa pasi. Umesoma sawasawa. Nta huyeyushwa juu ya pasi, ikadondokea tumboni, kisha ikasambazwa kwa pasi hiyo hiyo kwenye joto la nyuzi 120 hivi. Ukizidisha mpaka tumbo lenyewe lifike 130 na ushee, linaanza kuyeyuka. Pasi ya mkaa usithubutu! Na baada ya jasho lote hilo unaikwangua nta karibu yote. Kinachotakiwa ni ile iliyonywewa na plastiki.

Usidhani nta ni jambo dogo. Tangu msimu wa 2023/24, shirikisho la ski la dunia limepiga marufuku nta zenye florini, na wanariadha hupimiwa ski zao.

Huna ubao? Koti unalo. Makoti ya ski ya Ulaya na Marekani hushuka Soko la Memorial, Moshi, kama mitumba, na wapagazi wa mlimani, wale wagumu, huyavaa kupandia kwenye baridi ya chini ya sifuri. Zipu ikifunguka nyuma yako kila ukiifunga, usiitupe: meno mara nyingi ni mazima, ni kile kitelezi kilicholegea. Kibane kwa koleo, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kisha jaribu. Ikigoma kuteleza, pakaa mshumaa.