Buti za Amani Rumangabo

Barabara ya Goma kwenda Rutshuru hupita Rumangabo, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kaskazini ya mji. Hapo pana makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, na pana kambi kubwa ya jeshi. Waasi wa M23 waliishika kambi hiyo mwaka 2012. Jeshi la serikali likairudisha Oktoba 2013, M23 wakaitwaa tena Oktoba 2022, na tarehe 6 Januari 2023 wakaikabidhi kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkristo wa hapa anapoomba juu ya vita vya kiroho, neno vita halimjii kutoka kitabuni.

Wala habari za roho hakuzipata kwa wamisionari. Wazee wa Bwisha, eneo hili la Rutshuru, na wa Rwanda walishajua kwamba milima hii ina wenyewe. Katika kubandwa, ibada ya kale ya roho, aliyeingizwa katika siri za Ryangombe, mkuu wa roho hizo, alitumaini kupumzika naye Karisimbi baada ya kufa. Asiyeingizwa aliogopa moto wa Nyiragongo. Roho ya Nyabingi ilisema kwa vinywa vya wanawake, na mmoja wao, Muhumusa, aliwasumbua Wazungu mpakani hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1911.

Mmisionari aliyedhani shule pekee itafuta haya yote aliwaacha waumini wake bila jibu. Paul Hiebert, mmisionari na mwanaanthropolojia aliyehudumu India, aliungama kosa hilo mwaka 1982: elimu yake ilimweka Mungu juu mbinguni na sayansi chini duniani, na katikati pakabaki patupu. Mama mwenye mtoto mgonjwa hakuuliza habari za vijidudu wala za umilele. Aliuliza nani amemroga mwanangu. Makanisa ya uamsho yalijenga hapo katikati, kwa kufunga, kwa kesha, kwa maombi ya kufunguliwa. Siyalaumu hata kidogo. Yaliitika pale ambapo wengine walinyamaza.

Ingia kwenye kesha saa nane usiku. Umeme hakuna, taa ya simu inaning'inia kwenye ukuta wa mbao, chini ni mawe meusi ya volkano. Mama amepiga magoti, kitenge kimelowa jasho, na mchungaji anakemea kwa sauti iliyokwisha kukauka. Andiko linalosomwa mara nyingi ni Waefeso sura ya 6. Hapo ndipo ninapomwomba msomaji akae kidogo.

Paulo anaiandika barua hiyo akiwa amefungwa. Silaha anazozitaja ni zile za askari wa Kirumi. Ngao yake ni ile kubwa, ambayo jina lake la Kigiriki limetokana na neno mlango: mtu alijificha nyuma yake mwili mzima, na akiiunganisha na ya mwenzake ukuta ulisimama. Karibu kila kitu anachokitaja ni cha kujikinga. Amri anayoirudia ni kusimama. Hasemi popote kuvamia. Na miguuni askari huyo anavaa utayari wa Injili ya amani. Kwa mtu wa Rumangabo, anayejua mlio wa buti usiku, hilo si jambo dogo. Kisha mfungwa huyu anaomba aombewe, si afunguliwe minyororo, bali apewe ujasiri wa kusema.

Kabla ya silaha zote hizo ametaja mpaka wa vita vyenyewe: adui si damu na nyama. Mahubiri mengi huusoma mstari huo na kuuvunja kabla ya amina. Pepo anapewa jina la jirani, la mama wa kambo, la kabila la ng'ambo ya kilima. Mkutano wa Lausanne, vuguvugu la Wakristo wa kiinjili, uliofanyika Nairobi Agosti 2000 ulikiri kwamba vita vya kiroho ni vya kweli, lakini suala la pepo wanaotawala maeneo liliendelea kubishaniwa. Ninaona ubishi huo una haki yake. Katika nchi ambayo watu wanauawa kwa ajili ya kabila na kijiji chao, kutangaza kwamba eneo fulani limeshikwa na pepo ni kumpa mwenye bunduki sababu.

Wanaoumia kwanza kwa tuhuma hizi ni watoto. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inamfunga mwenye kutuhumu mwaka 1 hadi 3. Mchungaji anayemwekea mikono mtoto mwenye kifafa na kumwombea kwa jina la Yesu, kisha akampeleka hospitali ya Rwanguba, hajapungukiwa na imani. Nguvu ya Mungu haishindani na dawa.

Ndugu msomaji, ukiwa kwenye kesha ukasikia jina la mtu, hasa la mtoto, likitajwa kuwa ndilo adui, usiitikie amina. Nenda kwa mchungaji baada ya ibada, kwa heshima, umwombe aliondoe jina hilo mbele ya wote waliolisikia.