Kiini, Ganda na Uokoaji: Maneno ya Seva ya Kuhifadhia Nyumbani

Mkusanyaji wa lugha wa zamani aliweka kazi yake katika masanduku ya kanda na madaftari. Wa leo aghalabu huiweka katika kompyuta ndogo yenye diski mbili tatu, iliyowekwa kwenye kona ya sebule, ambayo kazi yake ni kuhifadhi na kutoa mafaili tu. Chombo hicho ndicho seva ya kuhifadhia. Saa moja ya sauti iliyonaswa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 na njia mbili, huchukua kama gigabaiti moja. Kwa hiyo saa 300 za masimulizi ya wazee zaenea katika diski moja ya kawaida na nafasi kubwa ikabaki. Hazina ambayo zamani ingehitaji chumba kizima cha maktaba sasa yaweza kukaa nyumbani kwa mtu mmoja, na vile vile yaweza kupotea mikononi mwa mtu huyo huyo katika usiku mmoja.

Na ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya kubuni katika kijiji cha Lupaso, wilaya ya Masasi, alikozaliwa Rais wa tatu wa Tanzania, Benjamin William Mkapa, mwaka 1938, na alikozikwa Julai 2020. Mwalimu mstaafu wa nyumba hiyo amenasa masimulizi ya Kimakua, na kidogo ya Kiyao na Kimwera. Kisha akapanda Newala akanasa ya Kimakonde. Baadhi ya wazee walionaswa wamekwisha kufariki. Mikoa ya Lindi na Mtwara kwa miaka mingi ilipata umeme wa mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, ikiwa nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwa umeme si jambo geni kwa wakazi wake. Basi umeme unakatika wakati seva inaandika. Unaporudi, seva haiamki. Kioo kinaonyesha mistari michache ya Kiingereza na alama inayosubiri amri. Mambo atakayoandika mwalimu katika robo saa ifuatayo ndiyo yatakayoamua kama sauti zile zitasikika tena, na maneno anayoyategemea, mengi yake hayajapata Kiswahili kilichotulia.

Neno la kwanza ni lile ambalo wanakompyuta wengi hulitamka keneli. Hii ndiyo programu iliyo katikati ya mfumo wote: hugawa kumbukumbu, huongoza diski, hupokea umeme wa vibonye na kuugeuza kuwa herufi. Keneli inayotumika katika seva nyingi za namna hii ni Linux, iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Chuo hicho hicho, kwa kazi ya Arvi Hurskainen, kimekuwa pia moja ya makao makuu ya uchambuzi wa Kiswahili kwa kompyuta. Kwa Kiswahili neno kiini lafaa, kwani tayari husemwa kiini cha yai, kiini cha mti na kiini cha jambo. Kokwa halifai, maana kokwa ndiyo inayotupwa tunda likiisha kuliwa.

Mtu wa Masasi angeweza kuleta neno jingine lililo karibu zaidi. Katika biashara ya korosho, Kiingereza hutumia neno lile lile la kompyuta kwa mbegu iliyokwisha kubanguliwa, na neno lake la pili la kompyuta, ganda, kwa kile kinachotupwa. Kiswahili cha biashara hiyo hutofautisha korosho ghafi na korosho iliyobanguliwa, na kila abanguaye ajua kwamba ganda lina mafuta makali yanayobabua vidole. Mlinganisho huu una faida, ila una hatari yake. Katika kompyuta, ganda ni ile programu inayopokea amri za mtu na kuzifikisha kwenye kiini. Halivunjwi, bali huzungumzwa nalo. Mwalimu aliyeona alama inayosubiri kwenye kioo yumo ndani ya ganda, na hana haja ya kubangua kitu. Kiini na ganda, basi, ni jozi njema ya maneno, mradi ifahamike kwamba hapa ganda ni mlango.

Kabla kiini hakijaanza kazi, programu nyingine ndogo, yaani kianzishi, hukipakia katika kumbukumbu na kukikabidhi mstari mmoja wa maandishi. Katika mstari huo kimeandikwa mfumo wa mafaili uko diski ipi, ufunguliwe kwa kusoma tu au kwa kuandika pia, na mengineyo. Maneno hayo huitwa mara nyingi chaguo za kiini. Jina hilo lapotosha kidogo, kwa kuwa chaguo ladokeza orodha inayoteuliwa kwa kidole, hali mambo haya ni semi fupi ambazo ni lazima ziandikwe herufi kwa herufi. Maagizo ya kiini lingekuwa jina la haki zaidi, nalo ndilo linalotumika katika makala haya. Sarufi yake ni nyepesi: neno peke yake, kama «ro», au neno, alama ya sawasawa na thamani, kama «root=» ikifuatwa na jina la diski. Neno ambalo kiini hakilijui hakilikatai. Hulipitisha kwa programu ya kwanza kuamka baada yake. Ndiyo sababu kosa la herufi moja halikataliwi, bali agizo hupita kama kwamba halikutolewa.

Katika kianzishi cha GRUB, mtu akisimama kwenye orodha na kubonya herufi e, huonyeshwa mstari huo na kuruhusiwa kuurekebisha. Akiisha, hubonya F10 na mashine huendelea. Marekebisho hayo ni ya safari moja tu. Mashine ikizimwa na kuwashwa tena, mstari wa zamani hurudi. Hiyo ni rehema kubwa kwa anayejaribu, nayo haielezwi vya kutosha katika vitabu vya mwongozo: agizo lisilo na uhakika liandikwe kwanza hapa, wala lisiingizwe katika faili la kudumu mpaka limeonekana kufaa. Kadhalika yafaa diski itajwe kwa namba yake ya kipekee na si kwa jina fupi kama «sda», kwa sababu majina mafupi hugawanywa kwa kadiri diski zinavyogunduliwa, na diski iliyokuwa ya kwanza jana yaweza kuwa ya pili leo.

Sasa laja neno zito. Mifumo mingi humwekea mtu katika orodha ya kuanzia mlango wa dharura, na Kiingereza huuita kwa neno moja linalobeba mambo mawili: kuyatoa mafaili salama, na kuutengeneza mfumo ulioharibika. Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo mbali mbali. Kuokoa ni kumtoa mtu majini; kukarabati ni kutengeneza mashua. Nahodha hakarabati mashua iliyo katikati ya mawimbi na abiria wamo ndani yake. Mfasiri akiandika «ukarabati» mahali pa yote mawili, au «urejeshaji» ambao hausemi ni kipi kinachorejeshwa, amempokonya mwalimu wa Lupaso maarifa ambayo lugha yake ilikuwa tayari kumpa.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Programu inayokagua mfumo wa mafaili, «fsck», ni ya ukarabati. Huandika juu ya diski: hukata viungo isivyovielewa na kuhamisha mabaki mahali pengine. Diski ikiwa nzima na kasoro ni ya maandishi tu, kazi yake ni njema. Diski ikiwa inakufa, kila andiko laweza kuharibu kilichokuwa bado kinasomeka, na vipande vya faili la sauti vyaweza kuachwa bila jina wala mpangilio. Tena katika mifumo mingi ukaguzi huo hufanywa wenyewe mashine inapoamka. Agizo «fsck.mode=skip» katika mstari wa kiini huuzuia kwa safari hiyo, na kumpa mtu nafasi ya kufikiri. Ukitakiwa ukaguzi wa kutazama tu, upo pia: «fsck» ya mifumo ya ext4 ikipewa «-n» hujibu hapana kwa kila swali la kutengeneza.

Hata «ro», yaani kusoma tu, si amri safi kama inavyosikika. Mfumo wa ext4 una daftari ambamo mabadiliko huandikwa kabla ya kutiwa mahali pake; umeme ukikatika, daftari hubaki na kazi isiyomalizika. Kiini kikiambiwa kifungue mfumo huo kwa kusoma tu, hukamilisha kwanza kazi ya daftari, yaani huandika, isipokuwa kimeagizwa waziwazi «noload». Aliyetafsiri «kusoma tu» amesema kweli juu ya mtumiaji, lakini hakusema kweli juu ya mashine.

Jozi nyingine ya vitenzi yahusu safu ya diski, ambamo diski kadhaa hufanya kazi kama moja ili mmoja akifa wenzake wabebe mzigo. Programu «mdadm» ina amri ya kukusanya na amri ya kuunda. Kukusanya ni kuziita diski zinazojuana zirudi katika safu yao. Kuunda ni kuanzisha safu mpya na kuandika vitambulisho vipya juu ya vile vya zamani; mpangilio ukikosewa, diski huanza kuandikwa upya kwa hesabu isiyo yake. Mtu aliyeshikwa na hofu huona safu «haipo», akaona akili kuiunda. La kufanya ni kukusanya, na ikikataa, kusoma sababu ya kukataa.

Na kukataa huko mara nyingine ni hekima. Safu ya RAID ya aina ya tano ikikatikiwa umeme katikati ya kuandika, na diski moja ikawa haionekani, kiini hukataa kuianzisha, kwani hesabu ya kufidia sehemu iliyokosekana yaweza isilingane na yaliyoandikwa. Liko agizo la kukilazimisha, «md-mod.start_dirty_degraded=1». Anayeliandika hupata safu yake, na mafaili yote huorodheshwa kwa majina yao. Ila katikati ya faili fulani paweza kuwa na vipande visivyo vya sauti ya mtu yeyote, na hakuna onyo litakalotolewa. Kwa mwenye picha za harusi pengine si neno. Kwa mwenye hadithi pekee iliyosimuliwa na mzee asiyekuwapo tena, agizo hilo litumike juu ya nakala, kamwe lisitumike juu ya diski zenyewe.

Nakala hiyo hupatikanaje? Kwa chombo cha kuokoa hasa, na kilicho bora kati ya vinavyotolewa bure ni «ddrescue» ya mradi wa GNU. Chombo hiki hakijali mafaili. Husoma diski nzima, huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huruka zilizo ngumu, kisha huzirudia mwishoni. Diski ya terabaiti 4 ikisomwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa saba, na diski mbovu huenda polepole kuliko hapo. Ni nadra umeme wa kijijini kutulia muda wote huo. Basi faida kuu ya chombo hiki ni ramani yake: faili dogo linaloandikwa kadiri kazi inavyokwenda, likionyesha sehemu zilizochukuliwa na zilizobaki. Umeme ukikatika, amri ile ile ikitolewa tena pamoja na ramani ile ile, kazi huendelea pale ilipofika. Ramani isipotajwa katika amri, kazi huanza upya na diski iliyochoka husomwa tangu mwanzo. Ramani iwekwe kwenye diski nyingine iliyo nzima.

Vyombo hivi havisaidii vikiwa ndani ya diski isiyoamka. Hapana budi viwe katika kijiti cha USB chenye mfumo wake kamili, kilichojaribiwa katika mashine hiyo hiyo siku ya salama. Ndani ya seva yenyewe pia kiini cha zamani kisifutwe mpaka kipya kimeamka angalau mara moja na diski zote zimeonekana. Kila kiini huja na furushi lake, yaani mfumo mdogo wa mwanzo wenye viendeshi na programu za kukusanya safu, na umeme ukikatika furushi linapofungwa, kiini kipya huamka bila uwezo wa kuziona diski zake. Mwenye kiini cha pili katika orodha hukichagua na kulala usingizi.

Kuhusu safu kudhaniwa kuwa nakala, maneno machache yatosha. Safu huokoa kifo cha diski moja. Haiokoi wizi, radi, wala faili lililofutwa kwa makosa. Historia ya Masasi yenyewe ina ushahidi. Misheni iliyoanzishwa hapo mwaka 1876 chini ya Edward Steere, mwanasarufi wa Kiswahili, ilivamiwa na Wangoni mwaka 1882 na kuharibiwa. Chauncy Maples alikuwa amekwisha kukusanya maneno na sarufi ya Kimakua, na mkusanyo huo ulikuwa umechapwa London mwaka 1879. Watafiti wa Kimakua wangali wakiusoma.

Kilichobaki ni karatasi. Maagizo yaliyotajwa hapa hayawezi kutafsiriwa, kwa kuwa mashine haijui «soma-tu». Lakini maelezo yanayoambatana nayo yaweza, na yapaswa kuwa ukutani karibu na seva badala ya kuwa ndani yake: namba ya kila diski na nafasi yake katika sanduku, aina ya safu, mstari wa kiini kama ulivyo siku mashine ikiwa nzima (hupatikana katika faili «/proc/cmdline»), na chini yake maneno mawili kwa mpangilio wake, kuokoa, kisha kukarabati. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, na istilahi za madirisha na vibonye zikapata msukumo. Istilahi za chini ya madirisha, ambazo mtu hukutana nazo mashine ikiwa imekataa kuamka, bado zangoja kamati yake.