Mtoto Mlemavu Afike Darasani

Wanakikundi, watoto wengi walemavu hubaki nyumbani kwa sababu ya ngazi tatu za mlangoni na choo wasichoweza kuingia. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inawapa haki ya kusoma katika shule zilizo ndani ya jamii. Lakini ngazi zingali pale, na hizo zaweza kushughulikiwa na kikundi chenye fundi mmoja.

Kwanza mwoneni mwalimu mkuu na kamati ya shule, maana majengo ni yao. Kisha pimeni kutoka ardhini hadi sakafu ya darasa. Kila sentimita moja ya kupanda yataka sentimita 12 za mteremko. Sakafu ikiwa juu sentimita 45, mteremko uwe na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Wengi hushtuka: ati mita tano kwa ngazi tatu! Ndiyo. Mkifupisha, mtoto mwenye kiti cha magurudumu hatapanda peke yake, na akishuka ataanguka. Nafasi ikiwa ndogo, njia ipinde, na penye kona pawe tambarare. Simiti ikiwa bado mbichi ipigwe ufagio, isiwe laini, kwa sababu mvua ikinyesha magongo huteleza.

Choo ndicho husahaulika, na mimi naona ndicho muhimu zaidi. Mtoto asiyeweza kukifikia hukaa na kiu mchana kutwa, na msichana mkubwa huacha shule kabisa. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, ufungukie nje. Ndani pawe na mita moja na nusu kila upande ili kiti kigeuke. Wekeni pahali pa kukalia juu ya shimo na mti imara wa kushikilia ukutani. Yule anayetambaa huweka mikono sakafuni, kwa hivyo ioshwe kila siku.

Kabla ya kumwaga simiti, mtoto na mamake waitwe wajaribu vipimo.

Sio wote walio na shida ya miguu. Asiyesikia vizuri akae mbele auone uso wa mwalimu. Asiyeona vizuri akae karibu na ubao. Kama hamjui shida ya mtoto ni nini, ulizeni ofisi ya elimu kuhusu kituo cha kuwapima watoto. Vituo hivyo vilianza nchini mwaka wa 1984.