Mini au Beetle: Lipi lingehimili vilima vya Ntimaru?

MAGARI mawili madogo ya kale, Mini na Volkswagen Beetle, yangali yanazua ubishi miongoni mwa wapenzi wa magari nchini. Kwenye lami, Mini, iliyozinduliwa Uingereza mnamo 1959, ndiyo bingwa. Injini yake imelazwa kwa upana mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Hivyo hukata kona bila kuyumba. Beetle hubeba injini nyuma. Dereva akiacha kukanyaga mafuta ghafla katikati ya kona, mkia hutaka kumtangulia.

Hata hivyo, anayenuia kupanda vilima vya Ntimaru, Kuria Mashariki, msimu wa mvua, hana budi kupima mengine. Mini za mwanzo zina magurudumu ya inchi 10 tu, na tumbo lake hukwaruza mawe. Ya Beetle ni inchi 15. Isitoshe, uzito wa injini ya Beetle hukandamiza magurudumu yanayosukuma, yasiteleze ovyo topeni, nayo hupozwa kwa hewa, si maji.

Beetle ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Mini, iliyotamba Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, haikuwahi kushinda Safari.