NBA: Kwa nini miji midogo inashindwa kuvuta nyota hata ikiwa na pesa

Mwaka 1996, Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliondoka Denver Nuggets na kujiunga na Atlanta Hawks. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa umekwisha na alikuwa na haki ya kuchagua timu. Denver haikupata mchezaji mwingine wala fidia. Miaka miwili baadaye, ilimaliza msimu wa 1997-98 ikiwa imeshinda mechi 11 tu kati ya 82.

Tangu wakati huo jambo hilo limezikuta timu nyingi za ligi ya basketi ya Marekani. Kila nyota anapokuwa huru, majina ya Los Angeles na Miami hutajwa kwanza. Charlotte na Memphis hutajwa mara chache sana, ingawa wamiliki wao ni matajiri na wako tayari kulipa.

Tajiri hawezi kumaliza tatizo kwa pesa

Kwa mpenzi wa mpira wa miguu, hali hiyo inashangaza. Lubumbashi si mji mkuu, lakini TP Mazembe ya Moïse Katumbi iliweza kuleta wachezaji kutoka Zambia, Ghana na Tanzania. Rainford Kalaba na Mbwana Samatta walikuwa katika kikosi kilichochukua Ligi ya Mabingwa wa Afrika mwaka 2015. Mwenye timu akiwa na pesa na nia, umbali wa mji haukuwa kizuizi.

Tajiri wa namna hiyo akinunua timu ya Memphis leo, hataweza kufanya vile. NBA imeweka mpaka kwa jumla ya mishahara ya timu na pia kwa mshahara wa mchezaji mmoja. Kwa kawaida, mchezaji mwenye miaka 10 au zaidi katika ligi hawezi kuanza mkataba kwa zaidi ya asilimia 35 ya kiwango kilichowekwa. Msimu wa 2024-25 kiwango hicho kilikuwa zaidi ya dola milioni 140, kwa hiyo nyota mkubwa kabisa angeanza na dola milioni 49 hivi, awe anakwenda Los Angeles au Memphis.

Timu yake ya zamani ndiyo pekee yenye ruhusa ya kumwongezea kidogo: mkataba wa miaka 5 badala ya 4, na nyongeza ya asilimia 8 kila mwaka badala ya 5. Sheria hiyo iliwekwa ili kulinda timu ndogo. Lakini imezaa tatizo jingine: mshahara ukiwa uleule kila mahali, mchezaji huanza kuangalia mambo mengine.

Mji, kodi na wenzake

Jambo la kwanza ni maisha. Katika mji mkubwa kuna jua, kazi za matangazo, na shule nzuri kwa watoto. La pili ni kodi. Majimbo ya Florida na Texas hayakati kodi ya mapato, lakini California inaweza kukata zaidi ya asilimia 13 kwa mwenye mapato makubwa. Hata hivyo, kodi peke yake haitoshi: Tennessee, ambako Memphis iko, nayo haikati kodi ya mshahara, na bado nyota hawaendi huko. Nao Lakers wako California na hawakosi nyota.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito zaidi: kucheza na nani. Mwaka 2010, LeBron James aliacha Cleveland baada ya misimu 7 na kumfuata Dwyane Wade huko Miami, pamoja na Chris Bosh aliyetoka Toronto. Wote watatu walikubali mshahara mdogo kuliko ule wa juu kabisa ili watoshe katika timu moja. Walichukua ubingwa mwaka 2012 na 2013. Mwaka 2016, Kevin Durant aliacha Oklahoma City na kwenda Golden State Warriors, timu iliyotoka kushinda mechi 73 katika msimu mmoja.

Timu inayokosa nyota mara nyingi hulipa gharama nyingine: inawapa wachezaji wa daraja la pili pesa za nyota. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, anaijua njia hiyo. Mwezi wa tano 2016, akiwa na Toronto, alinyakua ribaundi 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland. Mkataba wake wa wakati huo ulimpa karibu dola milioni 3 kwa mwaka. Wiki chache baadaye Orlando Magic, ambayo haikuwa imefika hatua ya mtoano tangu Dwight Howard aondoke mwaka 2012, ilimpa dola milioni 72 kwa miaka 4. Ulikuwa ushindi wa haki kwa kijana wa Lubumbashi, lakini Orlando iliendelea kupoteza, na mwaka 2018 ilimpeleka Charlotte.

Mji mkubwa nao hukataliwa

Lakini ukubwa wa mji hautoshi bila uongozi mzuri. New York Knicks walipunguza mishahara ili wapate nafasi ya nyota wawili mwaka 2019, baada ya msimu ambao walishinda mechi 17 tu. Durant na Kyrie Irving walikuja New York kweli, lakini walikwenda kwa jirani, Brooklyn Nets.

Kwa upande mwingine, Milwaukee, mji wa baridi kali, ulimchagua Giannis Antetokounmpo mwaka 2013 akiwa kijana asiyejulikana, katika nafasi ya 15. Mwezi wa kumi na moja 2020 timu ilimletea Jrue Holiday. Mwezi uliofuata Giannis aliweka sahihi ya kubaki, na mwaka 2021 Milwaukee ilipata ubingwa wake wa kwanza tangu 1971.

Oklahoma City nayo haikusubiri nyota mwingine aje kwa hiari. Paul George alipoomba kuondoka mwaka 2019, iliwapa Clippers mchezaji huyo na kupokea kijana Shai Gilgeous-Alexander pamoja na zamu nyingi za kuchagua wachezaji chipukizi. Mwaka 2025 ikawa bingwa. Denver, iliyomkosa Mutombo, ilichukua ubingwa mwaka 2023 ikiongozwa na Nikola Jokić, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014.

Saa inaanza siku ya kwanza

Kinachoonekana katika mifano hii ni kwamba silaha ya mji mdogo ni muda. Mchezaji chipukizi hachagui timu. Timu ndiyo inamchagua. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichukuliwa wa 7 na Golden State mwaka 2021. Hata baada ya miaka 4 ya mkataba wa kwanza hakuwa huru kabisa, kwa sababu timu yake ilikuwa na haki ya kumbakisha kwa kulipa bei yoyote ambayo timu nyingine ingetoa. Mazungumzo yalifika mwisho wa mwezi wa tisa 2025 kabla ya pande mbili kukubaliana.

Sheria hiyo inamfunga kijana, lakini inaipa timu nafasi ya kumwonyesha kwamba inajua kujenga. Cleveland ilikuwa na misimu 7 ya LeBron na haikumpatia wenzake wa kutosha. Milwaukee ilikuwa na misimu 7 ya Giannis kabla hajaweka sahihi ile, na ikampatia. Muda ulikuwa uleule, na hakuna mji uliobadilika ukubwa.