Mbwa Hawa ni wa Nani?

Pita jalalani asubuhi, au nyuma ya bucha. Utakuta mbwa watano au sita. Uliza ni wa nani. Kila mtu atasema, "Si wangu." Lakini mbwa hawa hawakutoka porini. Walizaliwa uani kwa mtu.

Mbwa jike huweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Hubeba mimba siku 63 hivi, na wengi hupata joto mara mbili kwa mwaka. Tuseme kila mara anazaa watoto 6. Kwa mwaka ni 12. Nani ana ugali wa mbwa 12? Wawili wanapewa jirani, wengine wanafa, waliobaki wanajitafutia. Paka naye huzaa upesi hivyo hivyo.

Mbwa asiye na mwenyewe hapelekwi kwenye chanjo. Hapo ndipo penye hatari. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Wataalamu wanasema katika kila mbwa 100, angalau 70 wachanjwe. Tufanye hesabu. Kijiji kina mbwa 100, na 70 wamechanjwa. Wakizaliwa wengine 40, mbwa sasa ni 140. Waliochanjwa ni wale wale 70, yaani nusu tu. Kinga ya kijiji imepungua, na hakuna aliyeona.

Njia ya kuzuia ni kuhasi. Sisi tunahasi fahali na beberu, wala hatushangai. Mbwa dume hutolewa mapumbu. Jike hutolewa vifuko vya mayai, na mara nyingi mji wa mimba pia. Daktari wa mifugo humpa dawa ya usingizi kwanza. Usijaribu mwenyewe kwa wembe. Huo ni ukatili, na mnyama anaweza kufa.

Wako wanaosema mbwa aliyehasiwa hawezi kulinda. Si kweli. Bado atambwekea mgeni usiku. Dume mara nyingi hupunguza kuzurura akifuata majike, hivyo hatari ya kupigana ovyo au kugongwa barabarani hupungua. Jike aliyetolewa mji wa mimba hapati usaha humo, ugonjwa unaoua majike wengi waliokomaa. Paka naye ataendelea kukamata panya ghalani. Angalia tu chakula, maana hunenepa kwa urahisi. Wengine husema jike azae kwanza mara moja. Hakuna faida yoyote katika hilo.

Baada ya kupasuliwa, mweke mahali pakavu kwa siku 10 hadi 14, asilambe kidonda. Dume asikae na majike kwa wiki kadhaa, kwani bado anaweza kuwapa mimba.

Najua kazi hii ina gharama, na si kila kijiji kina daktari karibu. Bwana mifugo akija kuchanja, muulizeni. Wenye mbwa wakiwa wengi, ni rahisi zaidi kumwita daktari siku moja. Kwa sasa, jike akiwa na joto, mfungie ndani wiki tatu. Na kuhasi si chanjo. Aliyehasiwa naye achanjwe.

Mtoto aking'atwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Usipake majivu wala pilipili. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, naye amalize sindano zote atakazoandikiwa.