Usiuze Klarineti ya Urithi Kabla ya Kuijua

Tuseme marehemu babu yako ameacha kisanduku cheusi. Ndani yake mna klarineti. Klarineti ni chombo cha muziki cha kupuliza, mfano wa zumari. Huenda babu aliipiga katika bendi ya K.A.R., jeshi la Waingereza lililoanzishwa mwaka 1902. Sasa mchuuzi amefika Endamarariek. Anataka kukupa bei ya chuma chakavu. Je, utakubali?

Mnadani Karatu huuzi ng'ombe kabla ya kumkagua. Unamjua umri wake na afya yake ndipo unataja bei. Fanya vivyo hivyo kwa klarineti.

Kwanza, tazama imetengenezwa kwa kitu gani. Klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo. Mti huu huota hapa kwetu Tanzania, hasa kusini, kama mkoani Lindi. Nyingine ni za mpira mgumu, plastiki au chuma. Mpira mgumu uliokaa juani hupoteza weusi wake. Huwa kama kijani au kahawia. Wanamuziki wengi hupenda mpingo.

Pili, soma maandishi. Tafuta jina la mtengenezaji na namba. Buffet Crampon wa Ufaransa na Boosey & Hawkes wa Uingereza ni watengenezaji wanaojulikana. Nakili kila herufi na kila namba katika daftari. Ukiona herufi HP, angalia sana. Zamani bendi za jeshi la Uingereza zilipiga kwa sauti ya juu kuliko ya leo. Klarineti ya namna hiyo haipatani na vyombo vya sasa. Bei yake huwa ndogo hata kama ni nzima.

Tatu, tafuta ubovu. Je, mti una ufa? Je, vibonyezo vyote vipo? Usiisugue kwa msasa, maana utafuta maandishi. Usiioshe kwa maji wala usiianike juani, maana mti utapasuka.

Nne, uliza wajuzi. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, hufundisha muziki. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo hufundisha pia. Waulize watu wawili au watatu. Uliza klarineti kama hiyo imenunuliwa kwa bei gani, si muuzaji alitaka bei gani.

Kisha piga hesabu. Tuseme ikiwa nzima itauzwa shilingi 400,000. Fundi anataka shilingi 150,000 kuitengeneza. Basi ilivyo sasa thamani yake ni kama shilingi 250,000.

Usidhani kila kitu cha kale ni ghali. Klarineti haipandi bei kwa sababu ya uzee tu. Lakini usiitupe bure kwa sababu ya vumbi.

Mwisho, kumbuka kwamba urithi si mali ya mtu mmoja. Kaeni kikao cha ukoo. Mchagueni msimamizi wa mirathi, naye athibitishwe na Mahakama ya Mwanzo. Someni hesabu mbele ya wote, wanawake kwa wanaume. Hapo ndipo mtaamua kuuza au kuiweka. Fedha chache zilizogawanywa wazi ni bora kuliko nyingi zenye ugomvi.

MASWALI

1. Kwa nini tusisugue klarineti kwa msasa?
2. Herufi HP zinatuonya nini?
3. Klarineti nzima huuzwa shilingi 300,000. Matengenezo ni shilingi 120,000. Thamani yake kabla ya kutengenezwa ni kiasi gani?